Bendera Haifuati Upepo Tu

Hotuba hii niliitoa jioni moja Dar es Salaam, mbele ya wanafunzi wa uhandisi, mafundi wa karakana na walimu. Nimeiandika karibu kama ilivyotoka mdomoni.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, mafundi, vijana, habari za jioni.

Kila mmoja wetu ameisikia methali ya bendera hufuata upepo. Tunamwambia mtu asiye na msimamo. Kesho asubuhi mkipita penye mlingoti wowote, naomba msimame dakika mbili muitazame bendera yenyewe. Upepo wa kusi unatoka upande mmoja na hauna haraka ya kubadilika. Kama bendera ingekuwa inaufuata tu, ingenyooka kama ubao ikatulia. Haitulii. Inajipiga huku, inajipiga kule, mpaka upindo wake wa nje unachanika na kubaki nyuzi. Wenye majahazi wanalijua jambo hilo tangu zamani: tanga likielekezwa vibaya kwenye upepo, halilali kimya, linapigapiga mpaka linapasuka.

Sasa, nani anaiambia bendera iende kushoto, kisha irudi kulia? Upepo hausemi kushoto wala kulia. Upepo unasukuma upande mmoja tu, wakati wote. Huo mwendo wa kwenda na kurudi umetoka wapi?

Nimekuja kuzungumzia swali hilo tu. Nina deni nalo, kwa sababu kwa miaka mingi darasani nililijibu vibaya.

Nilikuwa nawafundisha wanafunzi wangu habari za daraja la Tacoma Narrows, katika jimbo la Washington, Marekani, kama mfano wa resonansi. Resonansi mnaijua hata kama hamjaisikia kwa jina hilo. Mtoto yuko kwenye bembea, wewe unamsukuma kila anaporudi, na visukumo vidogo vinavyokuja kwa wakati wake vinamfikisha juu. Nilisema upepo wa Tacoma ulikuja kwa mapigo, mapigo yakaoana na mtikisiko wa asili wa daraja, daraja likaanguka. Nilifundishwa hivyo, nikafundisha hivyo. Vitabu vingi vya fizikia viliandika hivyo. Siyo kweli, na kosa hilo lina hasara kwa yeyote anayejenga kitu.

Daraja lilifunguliwa tarehe 1 Julai 1940. Lilikuwa daraja la kuning'inia, sehemu yake ya kati ikiwa na urefu wa mita 853 kutoka mnara hadi mnara, ya tatu duniani kwa wakati ule. Upana wake haukufika mita 12. Michoro ya mwanzo ya mhandisi Clark Eldridge ilikuwa na fremu nzito za chuma chini ya barabara, zenye kimo cha zaidi ya mita 7. Leon Moisseiff, mmoja wa wabunifu wa madaraja walioheshimiwa kuliko wote Marekani, akapendekeza mihimili ya mabamba ya chuma yenye kimo cha mita 2.4 tu. Daraja likawa jembamba, zuri, na bei ikashuka sana. Hesabu za mzigo zilikuwa sahihi. Hata hesabu za upepo zilikuwa sahihi, maana upepo ulihesabiwa kama mkono unaosukuma ukuta: unasukuma kwa nguvu kiasi gani, na chuma kinahimili kiasi gani. Kwa kipimo hicho daraja lilikuwa na akiba kubwa.

Lakini tangu mafundi walipokuwa bado wanamwaga zege, barabara ilikuwa inapanda na kushuka kama mawimbi. Walilipa jina la Gertie Anayerukaruka. Watu walitoka mbali kuja kulipita, wakaona gari lililo mbele yao linazama na kuibuka tena. Kwa miezi minne lilicheza hivyo, na wengi wakalizoea. Profesa Farquharson wa Chuo Kikuu cha Washington hakulizoea. Alitengeneza mifano midogo ya daraja, akaiweka kwenye bomba la upepo, akaona kwamba ina tabia ya kujisokota. Alipendekeza mabamba ya pembeni yatobolewe mashimo au yafunikwe kwa umbo laini ili upepo upite. Mapendekezo yake yalikuwa na siku chache tu tangu yatoke, ilipofika asubuhi ya tarehe 7 Novemba.

Asubuhi ile upepo ulikuwa kama kilomita 67 kwa saa. Ni mkali, lakini siyo kimbunga. Daraja lilianza na ule mchezo wake wa kupanda na kushuka, haraka haraka. Kisha, karibu saa nne asubuhi, kifungio kimoja kilichoishika kebo katikati ya daraja kikateleza, na mwendo ukabadilika ghafla. Barabara ikaanza kujisokota: ukingo huu juu, ukingo ule chini, kisha kinyume chake. Tofauti ya kimo kati ya ukingo mmoja na mwingine ilifika mita 8 na nusu. Gari moja lilibaki katikati na mbwa ndani yake. Farquharson alijaribu kumfuata akitembea juu ya mstari wa katikati ya barabara, kwa sababu alijua kwamba katika kujisokota ule mstari hausogei. Mbwa aliyejaa hofu akamng'ata, profesa akarudi mikono mitupu. Baada ya saa tano kidogo sehemu ya kati ikaanguka majini pamoja na gari na mbwa. Hakuna mtu aliyekufa.

Haya, sasa hesabu. Upepo unapokipita kitu butu huacha nyuma yake vizingia, yaani hewa inayojizungusha, kimoja juu, kimoja chini, kwa zamu. Ni kweli vizingia hivyo hupiga kitu kwa mapigo. Kwa kimo cha mihimili ile na kasi ile ya upepo, mapigo yangekuwa karibu moja kwa kila sekunde. Daraja lilikuwa linajisokota mara moja kwa kila sekunde 5. Tofauti hiyo haizibiki. Mtu anayesukuma bembea mara tano wakati bembea inakwenda na kurudi mara moja tu hampandishi mtoto, anamsumbua. Robert Scanlan na Yusuf Billah waliliandika jambo hili waziwazi mwaka 1991, wakawaambia walimu wa fizikia waache kulifundisha kinyume. Kamati ya uchunguzi ya mwaka 1941, ambayo Theodore von Kármán, mtaalamu wa mwendo wa hewa, alikuwamo, ilikuwa imekwisha kuyachunguza mengi ya hayo nusu karne kabla. Mimi nilichelewa kusoma.

Kilichotokea ni hiki. Chukueni kipande cha barabara ile, chenye umbo la herufi H: barabara katikati, bamba la chuma limesimama kila upande. Ukingo wa mbele ukiinuka kidogo, upepo unajikwaa kwenye bamba, unajikunja, unazaa kizingia juu au chini ya barabara. Kizingia hicho kinasafiri kuelekea ukingo wa nyuma. Kama kinafika kule wakati barabara imekwisha kugeuka na inarudi, basi kinaisukuma kule kule inakokwenda. Angalieni mpangilio huo. Aliyeamua wakati wa kusukuma ni barabara yenyewe, kwa mwendo wake. Ikisogea kidogo, upepo unaisukuma kidogo. Ikisogea zaidi, inasukumwa zaidi. Upepo ulileta nguvu, na daraja ndilo lililoweka mdundo.

Mafundi wa magari watanielewa haraka nikisema hivi. Kila kitu kinyumbufu kina shokapu yake ya asili. Msuguano katika viungo, joto linalozaliwa ndani ya chuma, hewa inayozuia, vyote vinameza mtikisiko. Gonga kengele, italia, kisha itanyamaza. Wekeni daftari: kila mzunguko wa mtikisiko, shokapu inatoa nishati kiasi fulani. Upepo nao unaweza kutoa au kuingiza. Kasi ikiwa ndogo, matumizi yanazidi mapato, kitu kinatulia. Inafika kasi ambayo mapato na matumizi ni sawa. Juu ya kasi hiyo, hata kwa chembe tu, kila mzunguko unaacha ziada, ziada inaongeza mwendo, mwendo unaongeza mapato. Inakua kama deni la riba juu ya riba. Ni kana kwamba fundi ameifunga shokapu kinyumenyume, na sasa, badala ya kuzuia, inasukuma.

Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya kitu kinachotikisika siyo "kina nguvu kiasi gani?" Ni "nani anakilisha?"

Kwenye karakana mnaweza kulijibu bila kompyuta. Gari linaloletwa na usukani unaotetemeka, endesheni mkibadilisha kasi. Mtetemo ukienda haraka pale gurudumu linapokwenda haraka, ukawa mkali kwenye kasi fulani na ukapoa mkiipita, basi gurudumu ndilo linalopiga, pelekeni tairi likafanyiwe balansi. Lakini pikipiki ambayo usukani wake unaanza kujipiga kushoto na kulia kwa mdundo wake yenyewe, na kila ukipiga unazidi, hiyo ni habari nyingine. Hapo gurudumu, fremu na mzigo vinalishana. Vijana wa bodaboda wanaofunga mzigo mzito nyuma kabisa, mpaka gurudumu la mbele likawa jepesi, wanaisogelea hali hiyo bila kujua. Nimeona kijana akitoka kwenye hali hiyo salama na mikono ikimtetemeka kwa saa nzima. Mafundi, waambieni. Mzigo usogezwe mbele, ushushwe chini, beringi za usukani zikazwe vizuri.

Niingie kidogo kwenye nadharia, kwa ajili ya wanafunzi. Mwanahisabati Leonhard Euler alituachia mwaka 1744 hesabu ya nguzo inayobebeshwa mzigo kutoka juu mpaka inapinda. Hesabu yake inauliza: je, kuna mkao mwingine, uliopinda, ambao nguzo inaweza kutulia ndani yake? Mzigo unaoruhusu mkao huo ndio mzigo wa hatari. Swali zuri, na mpaka leo nguzo za majengo yetu zinategemea jibu lake. Lakini mwaka 1952 Max Beck alichukua nguzo iliyoshikwa chini tu, akaibebesha nguvu ambayo haielekei chini siku zote, inageuka pamoja na ncha ya nguzo, kama moto wa roketi unavyogeuka na roketi. Ukimuuliza Euler habari za nguzo hiyo, anakujibu kwamba hakuna mkao mwingine kabisa, kwa hiyo haiangushwi na mzigo wowote. Beck akahesabu mwendo badala ya mikao. Akakuta kwamba mzigo ukifika karibu mara 8 ya ule wa Euler kwa nguzo ya kawaida, nguzo haipindi ikabaki imepinda, inaanza kupiga huku na huku, kila pigo kubwa kuliko lililopita. Njia ya hesabu iliyotafuta mahali pa kutulia isingeweza kumwona adui ambaye hatulii.

Mwaka huo huo, Hans Ziegler wa Zürich alifanya jambo lililonikosesha usingizi nilipolisoma mara ya kwanza. Alikuwa na fimbo mbili zilizoungwa kwa bawaba na springi, na nguvu ya aina ile ile inayofuata ncha. Akahesabu mzigo wa hatari bila msuguano wowote. Kisha akaweka msuguano kidogo kwenye bawaba. Sote tungetarajia mzigo wa hatari upande. Ulishuka, kwa karibu asilimia 30. Msuguano ule ulibadilisha wakati ambao fimbo moja inasogea ikilinganishwa na nyingine, na mabadiliko hayo yakaifungulia mlango nishati iingie. Kwa hiyo mwanafunzi anayesema "nitaongeza shokapu, nitakuwa salama" inabidi ahesabu kwanza. Mara nyingi atakuwa sahihi. Ziegler alituonyesha kwamba si kila mara.

Mbali na resonansi na kujilisha, kuna pia njia ya tatu ya mtikisiko kukua, nitaipitia haraka: mtoto anayejipandisha mwenyewe kwenye bembea bila kusukumwa. Anasimama na kuchuchumaa, mara mbili kwa kila mzunguko. Hasukumi pembeni hata kidogo, anabadilisha bembea yenyewe kwa wakati unaofaa. Nguzo nyembamba inayobebeshwa mzigo unaodunda juu chini, kwa mdundo ulio mara mbili ya mtikisiko wake wa pembeni, hufanya vivyo hivyo, na mzigo huo unaweza kuwa mdogo kuliko ule wa Euler. Wenye mashine zinazodunda juu ya nguzo nyembamba, lichukueni hilo.

Sasa twende London. Tarehe 10 Juni 2000 lilifunguliwa daraja la waenda kwa miguu juu ya mto Thames, Daraja la Milenia, lenye urefu wa mita 325. Siku ile walipita watu wapatao 80,000 hadi 100,000, na kwa nyakati fulani 2,000 walikuwa juu yake pamoja. Uzito wao haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kwamba daraja lilianza kuyumba pembeni, mpaka kiasi cha milimita 70, na watu wakashika reli. Siku mbili baadaye likafungwa.

Mtu akitembea, anausukuma uzito wake kushoto na kulia kidogo sana, kama nyutoni 25, sawa na uzito wa kifurushi cha kilo 2 na nusu. Kila mtu ana mwendo wake, misukumo inafutana. Lakini sakafu ikisogea kidogo pembeni, mwili unatafuta kutoanguka. Unapanua miguu, unakanyaga kufuata sakafu. Bila kuambiana neno, watu wasiojuana walikuwa wanalisukuma daraja kule linakokwenda. Wahandisi walipolijaribu baadaye kwa kuongeza watembeaji kidogo kidogo, walifika watu 156 na daraja likabaki shwari. Walipoongeza 10, likaanza kuyumba, na kuyumba kukakua. Naipenda namba ile kuliko fomula zote nilizowahi kuandika ubaoni. Watu 156 hawakulifanya daraja liyumbe kidogo, wala 166 liyumbe kidogo zaidi. Mwenye kulipima daraja lile kwa watu 100 angeandika kwenye ripoti kwamba ni salama, na asingekuwa amedanganya. Waliliponya kwa vizuia mtikisiko 37 vya majimaji na vingine zaidi ya 50 vya uzito unaoning'inia kwenye springi, kwa gharama ya paundi milioni 5, likafunguliwa tena Februari 2002.

Hayo ni madaraja, na yalituhurumia. Ndege haina huruma hiyo. Tarehe 29 Septemba 1959, ndege mpya ya abiria aina ya Lockheed Electra ilivunjikia angani Texas, watu 34 wakafa. Tarehe 17 Machi 1960 nyingine ikapoteza bawa juu ya Indiana, wakafa 63. Uchunguzi ulifika kwenye vishikizo vya injini. Vilipolegea, rafadha, au pangaboi kama tunavyoliita, lilianza kuyumba kama pia inayochoka. Kadiri linavyoyumba, mdundo wake ulishuka mpaka ukakutana na mdundo wa bawa, na bawa likaanza kupiga. Kwa vishikizo vizima, jambo hilo lisingetokea kwenye kasi ile. Kishikizo kilicholegea hakikuangusha injini. Kilibadilisha mdundo tu. Mafundi wa ndege mlioko hapa, mnapokaza bolti ya kishikizo mnashika uzito, na mnashika pia mdundo. Watu 97 walikufa kabla hilo halijafahamika kwa ndege ile.

Mtauliza kama hayo yanatuhusu. Mnavuka Daraja la Nyerere kwenda Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016. Limebebwa na kebo za mshazari. Wajapani, katika miaka ya 1980, walipokuwa wanajenga daraja la kebo la Meiko Nishi, waliona kebo zao zikitikisika sana siku zenye mvua na upepo wa wastani, na kutulia mvua ikikatika. Maji yalikuwa yanatengeneza kijito chembamba juu ya kebo, kijito kinabadilisha umbo la kebo mbele ya upepo, na kebo ya mviringo isiyo na kosa inageuka kuwa kitu kinachojilisha. Ndiyo sababu kebo nyingi za siku hizi zina ngozi yenye mkunjo mwembamba unaozunguka kama uzi wa skrubu: unakikata kijito. Mara nyingine mkipita kwenye daraja lolote la kebo wakati wa mvua za masika, inueni macho. Kijana atakayekuwa mkaguzi wa daraja namna hiyo asiende siku ya jua tu.

Tacoma walijenga daraja jingine, likafunguliwa Oktoba 1950: pana zaidi, lenye fremu za wazi zenye kimo cha mita 10, na vyuma vya wavu barabarani ili upepo upite. Halikupewa nguvu tu. Lilinyimwa ule ukuta ambao upepo ulikuwa unajikwaa. Lipo mpaka leo. Moisseiff hakuliona, alifariki mwaka 1943. Sipendi anavyotajwa kama mjinga. Alihesabu kwa usahihi kila alichoulizwa, na swali moja halikuwa bado limefika mezani kwa wajenga madaraja, ingawa wajenga ndege walikuwa nalo tangu Vita ya Kwanza. Hawakuwa wanakaa chumba kimoja. Kwa hiyo nimefurahi kuona leo mafundi wa ndege, wa pikipiki na wanafunzi wa ujenzi wamekaa safu moja.

Nimesema ya kutosha. Nje, kwenye ule mwembe, nimening'iniza mpira wa maji wa kawaida, mita mbili, umefungwa kwenye bomba juu na ncha yake iko huru. Fundi mmoja atafungua koki polepole. Mwanzo, mkiupiga kofi, utatulia haraka kuliko maji yakiwa yamesimama ndani yake, kwa sababu maji yanayotembea polepole yanaumezea mtikisiko. Ataendelea kufungua. Itafika robo ya mzunguko wa koki ambapo mpira utaanza kujipiga wenyewe, bila mtu kuugusa. Wekeni alama kwenye koki hapo hapo. Kisha mtu mmoja aubane mpira kwa vidole katikati, tuone alama inahamia wapi. Twendeni, kabla jua halijazama.